Jibu: "anecdotal" tuiseme vipi?

Waalaikumu salamu ndugu yangu. Umeuliza neno la Kiingereza "anecdotal" katika ripoti yako ya kilimo utalifasiri vipi, na kama "-a hadithi" inafaa. Mimi naona haifai. Hadithi kwetu huanza na "Paukwa!", kila mtu anajua ni ya kubuni. Tena kwa aliyesoma chuo cha Kurani, hadithi ni maneno ya Mtume, jambo jingine zito kabisa.

Asili ya "anecdotal" ni neno la Kigiriki, "anekdota": mambo yasiyotolewa hadharani. Ndilo jina lililopewa kitabu cha Procopius, mwanahistoria wa karne ya 6, kilichofichua siri za Justinian, mfalme wa Rumi ya Mashariki. Siku hizi "anecdotal" huelezea habari inayotegemea kisa cha mtu mmoja wawili, bila kuhesabu wala kupima.

Chukua mzee wa Wete, Pemba, anayekwambia alimwaga majivu kwenye mikarafuu yake mitatu, mwaka ule ikazaa mpaka matawi yakainama. Hasemi uongo! Lakini mkarafuu hauzai sawa kila mwaka, na pengine jirani yake asiyemwaga kitu naye alijaza magunia. Basi andika "ushahidi wa visa vya watu" au "wa masimulizi". Si tusi, ila hautoshi peke yake.

Neno hilo likielezea makala au hotuba, "yenye visa vingi" yatosha, na hapo huwa sifa nzuri.

Ila usiandike "wa kisa" kwa umoja. Mtu atasoma "sababu", kama tunavyoulizana "kisa nini?"