Maswali ya wasomaji: Gari jipya la spoti linakula pesa wapi?

SWALI: Nakaa Reading, Uingereza. Nataka kuagiza gari jipya la spoti la pauni 180,000. Muuzaji ananiambia nijipange kwa servisi na mafuta tu. Ni kweli?

JIBU: Hapana, ndugu. Gharama kubwa kuliko zote haina risiti: ni thamani inayoshuka. Tuseme umelinunua kwa 180,000, na baada ya miaka 3 ukaliuza kwa 115,000. Hapo umepoteza 65,000. Kama uliliendesha maili 12,000, kila maili imekula zaidi ya pauni 5 kabla hujaweka mafuta. Mafuta yenyewe, kwa gari linalokwenda maili 20 kwa galoni na petroli ya pauni 1.50 kwa lita, hayafiki pauni 4,200 kwa maili zote hizo.

Sehemu ya hasara hiyo ni kodi. Ndani ya 180,000 mna VAT ya pauni 30,000, na mnunuzi wa pili hakurudishii hata senti. Kodi ya barabara ya mwaka wa kwanza, kwa gari linalotoa zaidi ya gramu 255 za kaboni dioksidi kwa kilomita, ilikuwa pauni 5,490 kwa viwango vya 2025/26. Muuzaji kwa kawaida huijumlisha kwenye bei ya mwisho, ndiyo maana watu hawaioni. Kwa viwango hivyo hivyo, kuanzia mwaka wa 2 hadi wa 6 ilikuwa pauni 620 kila mwaka, kwa sababu bei ya gari imevuka pauni 40,000.

Wengi wanaumia zaidi kwenye vikorombwezo. Urembo wa kaboni, rangi ya kuagiza na mishono ya viti unavilipia bei kamili, lakini siku ya kuuza karibu vyote vinahesabiwa kuwa ni bure. Agiza vile ambavyo vikikosekana mnunuzi ataondoka. Cha kwanza ni kifaa cha kunyanyua pua ya gari, maana bila hicho kila tuta linakwangua bampa. Weka pia filamu ya kulinda rangi sehemu ya mbele, na uiweke siku za mwanzo kabisa, kabla mawe hayajapiga boneti.

Bima nayo, omba ile ya thamani mliyokubaliana kwa maandishi. Bima ya kawaida italipa bei ya soko ya siku gari lilipoibiwa, na wewe ulilipa bei ya dukani.

SWALI: Nimepata McLaren iliyotumika, ina maili 9,000. Mwenyewe anasema breki za seramiki hazichakai. Nikague nini?

JIBU: Zinachakaa, ila si kama za chuma. Diski ya breki ya chuma inapungua unene. Ya seramiki, ikipata joto kali la uwanja wa mbio, nyuzi za kaboni ndani yake huungua na diski ikapungua uzito, huku kwa macho ikionekana nzima. Ndiyo maana uzito wa chini unaoruhusiwa umeandikwa kwenye diski yenyewe, sehemu ya katikati. Fundi aifungue, aisafishe, aiweke kwenye mizani na kulinganisha. Usikubali jibu la kupima unene peke yake.

Kisha chukua tochi uzunguke ukingo wa kila diski ukitafuta mapengo. Haya mara nyingi huletwa na fundi wa tairi: anatoa bolti zote, rimu inaporomoka na kugonga ukingo. Atakayelishika gari lako afunge kwanza pini ya kuongoza kwenye tundu la bolti la juu, ndipo avute rimu. Seti nzima ya diski na pedi inaweza kupita pauni 10,000, kwa hiyo pini hiyo si jambo dogo.

Kwenye tairi soma tarakimu 4 za mwisho za namba ya DOT iliyochapwa ubavuni. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari lililokaa gereji linaweza kuwa na kashata nzima na mpira uliokauka, ambao kwenye mvua ya baridi haushiki. Tairi za namna hiyo zitoe kwenye bei.

SWALI: Mbona Porsche 911 GT3 haishuki kama McLaren?

JIBU: GT3 hutengenezwa chache kuliko wanaoitaka, kwa hiyo aliyekosa nafasi ya oda ananunua kwa mwenzake, mara nyingine juu ya bei ya dukani. McLaren walibadilisha gari zao kwa kasi: 12C ya 2011 ikafuatiwa na 650S mwaka 2014, kisha 720S mwaka 2017. Kila mara wenye gari la nyuma walibaki na toleo lililopitwa. Ferrari wanasaidia thamani kwa njia nyingine: servisi za ratiba za miaka 7, ambazo mnunuzi wa gari jipya halipii zaidi, zinabaki na gari hata likiuzwa.

SWALI: Niko Dubai, bei za huku zimeshuka sana. Naweza kupeleka moja Mombasa?

JIBU: La Dubai lina usukani kushoto, na Kenya haisajili magari binafsi ya namna hiyo. Hata ukipata la usukani kulia, lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Na kwenye ushuru, KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya) huanzia kwenye bei ya gari hilo likiwa jipya, kisha wanapunguza kwa umri, hivyo nafuu uliyoipata Dubai haipunguzi kodi.