Kasoma samaki au falsafa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Dada yangu ni mtafiti wa samaki hapa Mwanza, na juzi kahitimu PhD. Kwenye kadi za sherehe tumeandika "Daktari wa Falsafa". Baba mdogo, anayeuza dagaa pale Mwaloni, kagoma kuzigawa. Anasema mtoto kasoma sangara miaka yote hii, falsafa imetoka wapi? Wengine wanataka "Shahada ya Uzamivu". Tuandike lipi?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Marahaba. Baba mdogo ana hoja, msimcheke.

"Daktari wa Falsafa" ni tafsiri ya neno kwa neno ya jina lililozaliwa Ulaya wakati falsafa ilipokuwa imebeba karibu kila somo lisilo dini, sheria wala tiba. Newton alipotoa kitabu chake kikuu mwaka 1687, kuhusu mwendo na mvutano, jina la kitabu lilitaja falsafa ya maumbile. Neno la Kiingereza la kumwita mtu mwanasayansi lilibuniwa miaka ya 1830. Fizikia na biolojia zikahama nyumba, jina likabaki mlangoni.

Kwetu maneno haya yalifika kwa njia mbalimbali. Falsafa asili yake ni Kigiriki, "kupenda hekima", ila lilipitia kwenye Kiarabu. Sayansi limekuja juzi tu, kwa Kiingereza. Kabla yake kazi hiyo ilifanywa na elimu: wazee walisema "elimu ya nyota", na hawakuwa na maana kwamba nyota zinakwenda shule! Elimu ni Kiarabu *ilm*, yaani ujuzi, na mzizi huohuo umetupa mwalimu, mtaalamu, taaluma, hata maalumu. Siku hizi tumelibana elimu darasani, hadi tuna Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Mzee wa zamani angeuliza kwa nini jambo moja limetajwa mara mbili. Mimi nalisikitikia neno hili.

Sasa uzamivu. Limetokana na kitenzi zama na kiambishi -ivu, kile cha mtulivu na mvumilivu. Mzamivu ni mtu aliyezama ndani ya jambo lake, na kwa watu wa ziwani sioni neno linalofaa zaidi. Angalieni tu mkono usiteleze mkaandika "mzamiaji": huyo mjini ni yule anayeingia kwenye sherehe bila kadi.

Andikeni "amehitimu Shahada ya Uzamivu", kisha mtaje fani, kwa mfano sayansi ya samaki. Mbele ya jina lake wekeni Dkt., si Dr. Majirani watamwomba dawa ya malaria vilevile. Hilo kadi haiwezi kulizuia.

Kadi zilizokwisha kuchapwa msizitupe. "Daktari wa Falsafa" si kosa, ila mjiandae kumweleza kila mgeni habari hii ndefu ya Newton.