Muulize Bibi Nesi: Chai, magadi na kijiko cha kimea

Barua za mwezi huu nimezisomea jikoni, miguu ikiwa karibu na moto, maana baridi ya Uyole mwezi wa sita haina adabu. Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni nesi mstaafu, nimezalisha na kupima watoto kuanzia Iringa hadi Rungwe kwa zaidi ya miaka thelathini. Nyuma ya nyumba yangu kuna mchaichai, mnafu, tangawizi, na mlimau mmoja unaoniudhi kwa kugoma kuzaa. Kwa hiyo sina ugomvi na majani wala mizizi. Ugomvi wangu ni na watu wanaoyatumia bila kipimo, halafu kliniki wanayaficha.

Shikamoo Bibi. Nina mimba ya miezi mitano. Kliniki wamenipima damu wakakuta 9.2. Wamenipa FEFO, vile vidonge vya kuongeza damu, lakini zinanitia kichefuchefu. Mama mkwe anasema niziache, ninywe juisi ya rozela na biti, kwa kuwa ni nyekundu zinaongeza damu. Na niseme ukweli, nakula udongo.
*Mama Kijacho, Tukuyu*

Marahaba mwanangu, na ndaga fijo kwa kusema ukweli wa udongo, wengi huwa wanauficha kwenye pindo la kitenge. Ila kuna jambo hukuliandika, nalo ndilo ningelianza ungekuwa umekaa hapa kwenye kigoda: hicho kidonge unakimeza na nini?

Tukuyu naijua. Chai inalimwa hadi pembeni mwa barabara. Asubuhi chai, saa nne chai, chakula kikishuka chai tena. Nimemwona mama akitoa FEFO kwenye kikaratasi, akaiweka ulimini, akaishushia kwa chai ya rangi. Pale kliniki nilikuwa na mchezo wangu. Kidonge kikivunjika sikitupi, nakidumbukiza kwenye kikombe cha chai ya rangi mbele ya akina mama na kukikoroga. Chai inageuka nyeusi kama wino wa shule za zamani. Kimya kinatanda kwenye benchi. Ile nyeusi ni madini ya chuma yakishikana na tanini ya chai, kile kitu kinachokausha ulimi na kuacha doa la kahawia kwenye kikombe. Yakishashikana hivyo, mwili unayapata kwa shida, mengi yanaishia chooni. Hata chuma cha mboga na maharage uliyokula kinanaswa vilevile.

Basi chai isogeze. Kunywa saa moja na nusu au mawili baada ya chakula, na usiipe nafasi ya kukutana na kidonge. FEFO imeze kwa maji, halafu kula chungwa au pera, kwa sababu vitamini C inakisaidia chuma kuingia mwilini. Kichefuchefu kikikusumbua, imeze usiku ukikaribia kulala, tumboni kukiwa na chakula kidogo. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni hicho chuma. Ukitapika kabisa, rudi waulize kama kuna aina nyingine, lakini usikae tu nyumbani na damu ya 9.2. Kwa mjamzito tunataka 11 kwenda juu, na siku ya kujifungua huwezi kuikopa kwa jirani.

Mama mkwe mwambie kwa heshima zote kwamba wekundu siyo damu. Ingekuwa hivyo, nyanya zingetutosha. Biti ni chakula kizuri tu. Rozela ina uchachu mzuri, lakini kwa mjamzito sipendi igeuzwe dozi ya asubuhi na jioni, nayo pia huwa inashusha presha kidogo. Kama ana hamu ya kukusaidia, akuletee usipa, wale samaki wadogo kama dagaa, kutoka Kyela. Uwale wazima na vichwa vyao, pamoja na mnafu uliokamuliwa limau ukishaiva.

Udongo unafanya kazi ileile ya chai, unanasa chuma, na juu yake unakuletea minyoo. Wengi hamu yake inapungua damu ikipanda. Kliniki waambie wakupe dawa ya minyoo kama bado hujapewa.

Dada nesi, nina miaka 63 na presha. Kijana mmoja wa stendi ananiuzia unga wa vitunguu saumu, kasema niache vidonge. Nimeacha wiki mbili sasa na najisikia vizuri sana. Nyama sili, nakula kande na maharage tu. Nipo salama?
*Mzee wa Kande, Mafinga*

Kamwene kaka. Hilo neno "najisikia vizuri" limenifanya niweke miwani chini, maana ndilo lililoniponza na mimi.

Miaka michache iliyopita niliviweka vidonge vyangu juu ya kabati. Mimi, nesi, niliyewakaripia wazee wa watu kwa kosa hilohilo. Nikawa natafuna punje mbili za kitunguu saumu kila asubuhi. Wiki ya tatu nalima bustani, napanda kilima bila kuhema, nasema kumbe miaka yote tumekuwa tunapotea. Siku moja nimemsindikiza jirani kwenye kituo cha afya, binti mmoja niliyemfundisha kazi mwenyewe akanifunga mashine mkononi kwa utani tu. 190 kwa 110. Hakucheka. Akaniambia, "Mama, leo hutoki hapa mpaka ishuke." Nilikaa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu, aibu imenijaa hadi masikioni.

Presha haiumi, kaka. Unaweza kuwa nayo unacheza ngoma, na siku ikikuumiza ndiyo siku ya kupooza upande. Vitunguu saumu vinaweza kuisogeza chini kidogo, hapo sikatai. Vitie kwenye mchuzi. Haviwezi kubeba mzigo wa vidonge. Tena kwa wingi vinaweza kufanya damu isigande upesi, kwa hiyo anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda au anayesubiri upasuaji amwambie daktari wake. Kesho asubuhi nenda kapimwe, waambie wazi umeacha tangu lini, na dawa urudishe kwa maelekezo yao.

Sasa tuje kwenye hizo kande. Unazipikaje? Nahisi kuna magadi humo ndani. Huku kwetu juu maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100. Hapa Mbeya, mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndiyo maana maharage yanamaliza gunia la mkaa na bado yanagonga meno. Na Mafinga mko juu zaidi. Mama jikoni akichoka anatupia magadi, dakika chache yameshalainika. Lakini magadi ni sodiamu, ndugu mmoja na ile iliyomo kwenye chumvi, na yanaharibu baadhi ya vitamini za maharage yenyewe. Mtu anajisifu kwamba amepunguza chumvi, kumbe kande za nyumbani zimeilipia tofauti yote, bado hujahesabu vile vipande vya mchuzi vya dukani.

Loweka mahindi na maharage tangu jioni, asubuhi mwaga yale maji, pika kwa maji mapya, funika sufuria vizuri na weka jiwe juu ya mfuniko. Chumvi yote ya siku nzima, ya mchuzi na ya mkate, isizidi kijiko kimoja cha chai. Parachichi kula, mnayo ya kumwaga. Ila kama uliwahi kuambiwa figo zako zina shida, uliza kwanza.

Huyo kijana wa stendi muulize cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Sheria ipo tangu 2002, na waganga waliosajiliwa huwa wanakionyesha bila kununa. Halafu mganga anayejua kazi yake hamwambii mtu atupe vidonge.

Bibi shikamoo. Mwanangu ana miezi minane, anakula uji wa lishe wa nafaka tisa, nautia na asali, lakini kliniki wanasema hakui vizuri. Nyumbani chakula hatujakosa hata siku moja. Nakosea wapi?
*Mama wa Mmoja, Kilolo*

Marahaba mjukuu wangu. Asali iondoe leo. Mtoto chini ya mwaka mmoja haipewi, hata iwe ya Chunya iliyorinwa jana, kwa sababu inaweza kuwa na mbegu za bakteria wanaotoa sumu ya kulegeza misuli, na tumbo lake halijawa na uwezo wa kuwazuia. Akivuka mwaka, akikohoa, kijiko cha asali kinamfaa.

La kukosa chakula nakuamini, na hapo ndipo uchungu ulipo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto kama 57 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano mkoani kwenu Iringa wamedumaa, wakati kwa nchi nzima ni 30. Mkoa unaolisha wengine! Mimi kazi nimeianzia katika mradi wa lishe wa Iringa, ule ulioanza 1983 kwenye vijiji 168. Tulikuwa tunaning'iniza mizani kwenye mti, watoto wanapigapiga miguu kwenye kile kichupi cha kitambaa, na wazazi wanaona wenyewe nukta kwenye kadi inapanda au inashuka. Tuliyoyakuta wakati ule ndiyo nayasoma kwenye barua yako. Chakula kipo ndani. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto anapewa uji mwepesi mara mbili na bibi aliyechoka.

Tumbo la mtoto wako ni dogo. Ukimpa uji wa kunyweka kama chai, amejaa maji. Ukimpikia mzito unaosimamisha kijiko, hawezi kuumeza, anautema. Dawa yake mnayo hapo Kilolo, na walevi wa komoni wanaijua kuliko sisi manesi: kimea cha ulezi.

Loweka ulezi usiku mmoja, ufunike kwa kitambaa kibichi siku mbili hadi tatu mpaka uchipue, anika ukauke kabisa, saga. Tumia ulezi, usitumie mtama, chipukizi za mtama zina sumu. Pika uji mzito kabisa, kama ugali mwororo. Uepue upoe hadi uweze kuuonja bila kuungua. Tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea, koroga. Mwanzoni unaona hakuna kitu, mwiko bado unavuta. Endelea. Ghafla mwiko unakuwa mwepesi mkononi, uji unaanza kutiririka, na maji hujaongeza hata tone. Urudishe motoni uchemke kidogo, basi. Kibakuli kilekile sasa kimebeba unga mara mbili au zaidi. Nimeona akina mama wakipiga vigelegele kwa jambo hili.

Na hizo nafaka tisa, mjukuu wangu, nani alikuambia tisa? Kila nafaka ina muda wake wa kuiva. Soya isiyokaangwa vizuri inazuia tumbo kumeng'enya protini. Karanga moja yenye kuvu inachafua debe zima kwa sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara 2016 kupitia mahindi. Pika uji wa unga mmoja au miwili, dona au ulezi. Ukiiva ndipo utie kijiko cha karanga ulizochagua kwa macho yako na kuzikaanga mwenyewe, au parachichi lililopondwa, au yai lililochemshwa likaiva, au dagaa waliosagwa. Leo hili, kesho lile. Mara tatu kwa siku, na ziwa aendelee kunyonya. Baba yake naye akate kuni, wewe upate nafasi ya kukaa na mtoto akila, maana mtoto wa miezi minane anakula kwa kubembelezwa.

Habari. Nimeacha chumvi ya dukani, natumia ya mawe isiyoguswa na kiwanda. Ni ya asili, au siyo?
*Mpenda Asili, Makete*

Ni ya asili kweli. Hata rovu alilokuwa nalo bibi yangu shingoni, kubwa kama embe, lilikuwa la asili. Milima yetu mvua imeikamua madini joto, na hadi chumvi ilipoanza kutiwa madini hayo kwa lazima miaka ya 1990, kila kijiji kilikuwa na shingo za namna hiyo, na mimba zilizoharibika bila watu kujua sababu. Tumia kidogo, lakini yenye madini joto, kwenye kopo lenye mfuniko, uitie mboga ikikaribia kuiva.

Bibi, mwanangu wa miaka mitatu ana homa tangu juzi. Namchemshia mwarobaini. Dozi yake ni vikombe vingapi?
*Baba Mwenye Haraka, Kyela*

Hakuna. Kyela malaria ipo, na kwa mtoto mdogo inatakiwa ipimwe na kutibiwa ndani ya saa 24 tangu homa ianze. Wewe umeshapitisha. Mwarobaini haujathibitika kutibu malaria ya binadamu, na mafuta yake yameshadhuru watoto wadogo. Ukitaka mmea, mseto wenyewe, ile dawa ya malaria ya hospitali, sehemu yake imetokana na mmea, pakanga ya Wachina, ila kiwandani wamepima kiasi kwa kila kilo ya mtoto. Sufuria yako haiwezi kupima hivyo. Mhariri amenihakikishia ujumbe huu umeshatumwa kwenye simu yako kabla ya gazeti kuchapwa. Mfunike mtoto khanga nyepesi, mpe maji akiwa njiani, na mbebe sasa hivi.