Kabla ya Kubishana, Ulizaneni Mnapigana kwa Kanuni Zipi

Juma lililopita kijana mmoja wa Mombasa anayefanya taekwondo aliniandikia ujumbe mrefu. Alinisalimu kwa shikamoo, akaniita mwalimu ingawa mimi ni mtu wa karate wa Tanga na sijawahi kumfundisha hata teke moja, kisha akaniuliza kama ajitoe katika kundi la WhatsApp ambamo wapenzi wa sanaa za mapigano wa mji wake hujadiliana. Yeye hucheza taekwondo ya World Taekwondo, yaani ile ya Olimpiki. Wenzake wa ITF, shirikisho jingine la taekwondo, walimwambia kwamba mchezo wake umebaki kuwa wa kugusa kifaa cha umeme kwa soksi, naye akawajibu kwamba wao wakipiga hupanda na kushuka kama mashua iliyofungwa gatini. Tangu siku hiyo, anasema, hata salamu hazijibiwi.

Nilimjibu kwa ufupi siku ileile kwamba asitoke. Hapa namjibu kwa kirefu, kwa kuwa maswali ya namna hii nayapokea mara nyingi, na kwa kuwa yaliyomfika yeye yaliwahi kunifika mimi kwa namna ambayo sijaisahau.

Kwanza, kijana wangu, ugomvi huo umekuzidi umri. Jenerali Choi Hong Hi, ambaye alijifunza karate alipokuwa mwanafunzi nchini Japani, alianzisha ITF mwaka 1966. Alitofautiana na serikali ya Korea Kusini, akahamia Kanada mwaka 1972, na mwaka uliofuata shirikisho jingine likaundwa mjini Seoul, ambalo ndilo World Taekwondo ya leo. Hilo la Seoul ndilo lililoufikisha mchezo Olimpiki, kwanza kwa maonyesho mwaka 1988 na kisha kwa medali kamili Sydney mwaka 2000, wakati Choi alikuwa amekwisha kujenga uhusiano na Korea Kaskazini, ambako ndiko alikofia mwaka 2002. Maana yake ni kwamba ninyi vijana wa Mombasa mnaporushiana maneno juu ya soksi na mashua, mnapigana vita vya watu wengine, na wala hamkualikwa.

Lakini siasa si kiini cha jambo. Kiini ni kanuni za pambano, na hapa naomba usome taratibu. Katika taekwondo ya Olimpiki ngumi hairuhusiwi kichwani. Ngumi ya kifuani hupata pointi 1 tu, ilhali teke la kichwani hupata 3, na likiwa la kuzunguka hupata 5. Mchezaji aliyelelewa katika hesabu hiyo huteremsha mikono, hujitenga kwa umbali wa mguu, na huutumia mguu wa mbele kuzuia, kukagua na kushambulia. Tangu Olimpiki ya London mwaka 2012 kinga ya kifua imekuwa na vihisio vya kielektroniki, na Rio mwaka 2016 kinga ya kichwa nayo ikafuata, kwa hiyo hata namna ya kuugeuza unyayo imebadilika ili ukigusa uhesabiwe. Upande wa ITF, mpiganaji huvaa glavu na anaruhusiwa kumpiga mwenzake ngumi za uso. Yeye hana budi kuinua mikono, na husogea karibu kwa sababu ngumi haifiki mbali. Akimwona mwenzake wa Olimpiki mikono iko kiunoni, humwita mzembe. Mwenzake naye akimwona yeye anang'ang'ania ngumi, humwita mtu asiyejua mateke. Kila mmoja anasema kweli kuhusu mwili wake na anakosea kuhusu mwili wa mwenzake.

Hali ni hiyohiyo kila mahali ninapowasikia watu wakibishana. Mtu wa Kyokushin, mtindo mmoja wa karate, hupigwa ngumi tupu za kifua na mateke ya mapaja mpaka mfupa uzoee, lakini mashindano yake hayaruhusu ngumi ya uso. Akija kwetu Shotokan, mtindo wangu wa karate, hushangaa jinsi tunavyopiga na kurudi, na sisi hushangaa jinsi anavyosimama karibu bila kuikinga pua. Watu wa judo wenyewe kwa wenyewe wamegombana tangu shirikisho lao la kimataifa lilipoanza kuzuia kukamata miguu kwa mikono mwaka 2010, na katazo hilo lilipokazwa mwaka 2013 baadhi ya walimu waliokulia katika mitupo ile walihisi wamenyang'anywa nusu ya elimu yao. Hakuna hata mmoja katika hao aliye mjinga. Kila mmoja amefanya maelfu ya marudio chini ya kanuni fulani, na marudio hayo ndiyo yanayozungumza kinywani mwake.

Basi ushauri wangu wa kwanza, na pengine ndio huohuo nitakaourudia mpaka mwisho, ni kwamba kabla ya kumjibu mtu, muulize anazungumzia pambano la kanuni zipi.

Sasa nieleze yangu. Miaka kadhaa iliyopita mtu niliyewahi kufanya naye mazoezi katika dojo moja, ambaye alihamia mtindo mwingine na akaona nuru huko, aliichukua video yangu nikifanya Kanku Dai, akaiwekea muziki wa taarabu, akaituma katika kundi lenye watu wa mikoa yote. Kanku Dai ni kata ndefu, yaani mfuatano wa mapigo na kinga ambao mtu huufanya peke yake, nayo ina hatua 65, na yeyote aliyeifanya anajua kwamba ile sehemu ya mwisho, pale unaporuka mateke mawili huku pumzi zimekwisha, haifanywi na mtu wa mzaha. Watu walicheka. Wanafunzi wangu wadogo walicheka pia, kisha wakaona aibu na kuacha kunitazama usoni. Nilimwandikia mtu yule hadharani, kwa heshima, nikamkaribisha Tanga siku yoyote ya Jumamosi ili anionyeshe kwa mikono kile alichokuwa akikisema kwa nyimbo. Alijibu kwa vikatuni vya kucheka. Hakuja. Hajaja mpaka leo, ingawa najua hupita Tanga kwa shughuli zake, na sijui kwa nini naliandika hili ilhali mke wangu ameniambia mara nyingi nilisahau.

Aliyekuja ni mwingine, mtu wa judo mwenye asili ya Unguja, ambaye katika kundi lilelile alikuwa amesema jambo kali zaidi kuliko taarabu, ila alilisema kwa adabu. Aliandika: "Ndugu yangu, kata yako ni nzuri, lakini nikikushika ukosi na mkono wa gi, hatua zote 65 zimekwisha." Gi ni ile sare yetu ya mazoezi. Sikulala vizuri usiku ule. Jumamosi iliyofuata alikuwa amesimama mlangoni mwetu, gi yake imekunjwa na kufungwa kwa mkanda, akaomba ruhusa ya kuingia na kuinama kabla hajavuka kizingiti.

Nitaeleza kilichotokea, kwa kuwa ndicho kinachofaa kuelezwa kuliko vijembe vyote. Mwanzoni nilimzuia kwa ngumi ya kinyume, ile gyaku-zuki ambayo mtu wa Shotokan huila na kuinywa, kwa sababu alikuwa akija moja kwa moja na kifua wazi. Baada ya kuguswa mara chache aliacha kuja hivyo. Akaanza kuingia kwa pembe, upande wa nje wa mkono wangu wa mbele, akakamata mkono wa gi karibu na kiwiko na kuuvuta chini. Hapo ngumi zangu zilipoteza umbali wake. Nilitupwa, nikakabwa, nikagonga sakafu kukiri kwamba nimeshindwa, tukasimama tena. Mwisho nikajaribu kumpiga ngwala alipokuwa akiinua mguu kuja kwangu, akaanguka, na akiwa pale chini akaanza kucheka kwa furaha.

Ngwala ile sisi tunaiita ashi-barai, na katika judo ipo kama de-ashi-barai, mtupo unaotangulia katika kundi la kwanza la mitupo ya Kodokan, shule mama ya judo. Tulikaa sakafuni karibu saa nzima tukilinganisha. Yeye hufagia mguu katika nukta ileile ambayo uzito unataka kuushukia lakini haujaushukia, na mikono yake hufanya nusu ya kazi kwa kuvuta. Mimi hufagia bila kushika, kwa nguvu ya nyonga, na nia yangu si kumwangusha mtu kikamilifu bali kumvunjia msimamo ili ngumi ipate nafasi. Nilimweleza kwamba katika kumite (pambano) ya mashindano yetu pointi 3 hutolewa nikimwangusha mtu na kumalizia kwa pigo safi, na kwamba siruhusiwi kuendelea kumng'ang'ania. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba sasa anaelewa kwa nini naachia mapema. Katika kubishana kote kule kwa maandishi hakuna aliyewahi kuliuliza swali hilo la kuachia.

Tangu siku hiyo tunakutana, na bado hatukubaliani. Hilo vijana wengi hawalielewi: mnadhani urafiki huanza pale ubishi unapokwisha. Yeye bado anaamini kwamba kata zangu zinakula muda ambao ningeutumia kushikana na mtu hai, nami bado naamini kwamba vijana wake hawajui kulinda uso. Hata hivyo, mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja aliposhinda pambano lake la mwisho kwa ngwala iliyofuatwa na ngumi, ngwala ambayo wakati wake alifundishwa na mtu wa judo na umaliziaji wake alifundishwa nami, kelele kubwa kuliko zote ukumbini zilikuwa za Mzanzibari yule. Niseme wazi kwamba nilijivuna, na ningali najivuna.

Wala msidhani kwamba tumebuni jambo jipya. Kano Jigoro, mwasisi wa judo, alimwalika Funakoshi Gichin, mwasisi wa Shotokan yetu, kuonyesha karate ukumbini Kodokan mwaka 1922, na sare nyeupe pamoja na mikanda tunayojigamba nayo watu wa karate tuliipokea kutoka judo. Mwaka 1930 Kano huyohuyo aliwatuma baadhi ya wanafunzi wake kujifunza kwa Ueshiba, mwasisi wa aikido, ingawa alikuwa na shule kubwa na jina kubwa. Kule Okinawa, Mabuni Kenwa alifikishwa kwa mwalimu Higaonna na rafiki yake Miyagi Chojun. Miyagi akaja kuasisi Goju-ryu, Mabuni akaasisi Shito-ryu, mitindo miwili ambayo leo wafuasi wake wanaweza kubishana usiku kucha juu ya kata moja ya Seienchin. Wakubwa walitembeleana. Upande wa pili, Funakoshi alipofariki mwaka 1957 wanafunzi wake waligombana hata juu ya mazishi yake, na makundi yao mawili, Shotokai na JKA, yakaenda kila moja na njia yake. Tumerithi yote mawili, na ni juu ya kila mmoja wetu kuchagua urithi upi ataupeleka mbele.

Kwa hiyo nawaambieni vijana, na sasa siongei na wa Mombasa peke yake: acheni kujificha nyuma ya majina ya mitindo. Anayemdharau mwenzake bila kumgusa gi hana elimu, ana kelele tu. Mkanda mweusi haukupi ruhusa ya kumcheka mtu anayetokwa na jasho. Ukitaka kubisha, bisha, maana sanaa isiyobishaniwa huoza, lakini taja kanuni zako, uliza kanuni zake, kisha mkaribishe. Asipokuja, umekwisha kujibiwa.

Wewe kijana wa Mombasa una bahati kuliko sisi, kwa sababu mashirikisho yako mawili yalitia saini makubaliano ya kutambuana mjini Nanjing mwaka 2014, na katika ufunguzi wa Olimpiki ya Majira ya Baridi ya PyeongChang mwaka 2018 timu zao za maonyesho zilitokea uwanja mmoja. Ikiwa wao waliweza, wakati mpaka wa Korea mbili una mitutu ya bunduki, ninyi mnaotenganishwa na nauli ya matatu mnashindwaje?

Nenda kwenye ukumbi wa wale wa ITF. Mpigie simu kwanza mwalimu wao, si yule aliyekutukana, umwombe ruhusa, na umweleze mwalimu wako mwenyewe kabla ya kwenda ili asisikie kwa watu. Beba glavu na kinga ya meno, kwa sababu utapigwa ngumi za uso na hujazizoea. Omba dakika chache kwa kanuni zao, kisha dakika chache kwa zako, na ukipigwa uliza ulipigwaje kabla hujaeleza kwa nini ulipigwa. Simu iache kwenye mkoba. Pambano la kwanza la namna hii likirekodiwa, kila mmoja hupigania watazamaji. Mkimaliza, waombe wakufundishe huko kupanda na kushuka ulikokucheka, na usikilize wanachokieleza kuhusu uzito wa mwili unaposhuka pamoja na pigo. Huenda usikubaliane nao. Mwambie mwalimu wao hivyo palepale, ukiwa bado umevaa dobok yako, na umuulize mazoezi yao yajayo ni siku gani.