Jibu: Chuchu zimechanika na titi ni gumu siku ya 5 baada ya kujifungua, nami nalia tu, niache kunyonyesha?

Pole sana dada. Usiache. Chuchu kuchanika na titi kuwa gumu kwa pamoja, mara nyingi chanzo ni kimoja: mtoto anashika ncha tu, anaibana kwenye kaakaa, na maziwa hayatoki vizuri.

Kwanza kamua kidogo kwa mkono mpaka sehemu nyeusi inayozunguka chuchu ilainike. Titi gumu halishikiki. Mlaze tumbo lake kwenye lako, pua ielekee chuchu. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, subiri apanue kama anayepiga miayo, ndipo umvute kwako upesi. Wengi huinama kumpelekea titi, na hapo ndipo panapoharibika. Kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ubinuke nje. Maumivu yakiendelea, ingiza kidole safi pembeni mwa mdomo, mtoe, anza upya. Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku pia. Sabuni kwenye chuchu hapana.

Ukipata homa ya nyuzi 38 na titi likawa jekundu, nenda kliniki siku hiyohiyo, huku ukiendelea kunyonyesha.

Na hicho kilio chako ulichotaja: siku za mwanzo ni kawaida. Kikizidi wiki 2, au ukifikiria kujidhuru hata leo, mwambie mkunga bila kusubiri.