Anza na mkunga wa zamu ya usiku: ushauri kwa walimu wa afya wanaotunga masomo ya mtandaoni

Mwalimu mmoja wa uuguzi kutoka Uvira aliniandikia hivi karibuni akiuliza anunue programu gani ili silabusi yake ya uzazi iwe somo la mtandaoni. Nilimjibu kwamba asinunue kitu kwa sasa, na kwa kuwa walimu wengi ninaowafunza hapa Bukavu huniuliza jambo hilohilo, naona vema nieleze sababu.

Nilikuwa mkunga kwa miaka mingi kabla ya kuwa mwalimu. Nilipokabidhiwa kazi ya kuwafunza wenzangu kutunga masomo haya, mkuu mmoja wa shule, ambaye sitamtaja, alisema mbele ya kikao kizima kwamba masomo ya simu ni ya watu wanaokimbia darasa. Maneno hayo yananiuma hadi leo, maana hakuwahi kufungua hata somo moja kati ya yale tuliyotunga. Hata hivyo najua yalikotoka: watu wamezoea kuona silabusi nzima ikipigwa picha ukurasa kwa ukurasa, ikatumwa kwenye kikundi cha WhatsApp, kisha ikaitwa kozi.

Chukueni somo la kuvuja damu baada ya kujifungua. Mwalimu mmoja alileta kwenye mafunzo faili iliyoanza na historia, fasili na orodha ndefu ya visababishi. Nilimwomba aifunge, kisha anieleze mkunga aliye peke yake usiku katika kituo cha afya huko Walungu afanye nini damu inapozidi. Alijibu bila kusita: aite msaada, akande mfuko wa uzazi, achome oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, aweke dripu. Somo lake lilikuwa ndani ya jibu hilo. Tulilitunga upya kwa kisa: mama amejifungua, na kitambaa cha plastiki cha kukusanyia damu, chenye alama za vipimo, kinaonyesha mililita 500, utafanya nini sasa? Mwanafunzi huchagua, na kila chaguo hufuatwa na maelezo mafupi ya yale yatakayompata mama huyo. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Tanzania na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kutambua damu mapema kwa kitambaa cha namna hiyo na kutoa matibabu yote kwa pamoja, ikiwemo asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu iliyoganda isiyeyuke, kulipunguza madhara makubwa kwa asilimia 60. Hayo ndiyo yanayostahili kumalizia mwanafunzi mega zake, na ninajivunia kwamba mwalimu yule sasa hutunga visa vyake bila kunihitaji.

Kuhusu video sina mengi: ziwe fupi, nyepesi, na zipakuliwe mapema ili zitazamwe hata mtandao ukikatika.

Ndugu walimu, tuache kuipima kazi yetu kwa wingi wa kurasa. Anzeni na uamuzi ambao muuguzi atapaswa kuufanya, andikeni swali lake, kisha ongezeni maelezo yale tu yanayomsaidia kulijibu. Swali hilohilo lirudi baada ya wiki likiwa na mama mwingine na hali nyingine. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliosoma tena na tena, ingawa dakika tano baada ya kusoma hao wa pili ndio waliokuwa mbele. Mwalimu anayeridhika kwa sababu darasa limeitikia leo anajidanganya, na atakayelipa ni mgonjwa.

Kukanda mfuko wa uzazi bado kunahitaji sanamu ya mazoezi na msimamizi aliye karibu. Somo la mtandaoni limwandae mwanafunzi kabla ya siku hiyo, ili saa chache za mazoezi zisiishe kwa kunakili fasili ubaoni.