Hadija au Mariamu: jina lilivyotukosesha usingizi siku sita

Mbuzi wa akika, wa kuchinjiwa mtoto siku ya saba, alikuwa keshafungwa kwenye mwembe nyuma ya nyumba, anatafuna maganda ya matoke, na mtoto bado hana jina. Siku ya sita hiyo. Kesho yake shekhe anakuja, nywele zinanyolewa, na mimi na baba yake tunajibizana kwa mkato kwa ajili ya majina mawili ambayo hukosi kuyasikia kwa Waislamu wa Uganda: Hadija na Mariamu.

Mimi ni Mnubi wa Bombo. Ndani tunaongea Kinubi, nje Kiswahili, sokoni Kiganda. Mume wangu ni Muganda. Marehemu baba yake alikuwa Mwislamu, mama yake ni Mkatoliki ambaye hajasilimu mpaka leo, na jina lake ni Maria. Mama yangu mimi anaitwa Hadija. Sasa umeshaona moshi unatokea wapi.

Kila aliyekuja kumwona mtoto alitushauri tuangalie maana na sifa za jina. Haikusaidia hata kidogo. Bi Khadija alikuwa mfanyabiashara wa Makka, mke wa kwanza wa Mtume na mtu wa kwanza kumwamini. Bi Mariamu ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina lake katika Kurani, na sura ya 19 inaitwa kwa jina lake. Ukianza kuwashindanisha hao wawili kutakucha. Shekhe mwenyewe tulipompigia simu alicheka, akasema yote mazuri, mpikie wageni.

Kwa hiyo wewe unayesubiri mtoto, maana iweke kando kwanza. Jiulize nani atakuwa analiita hilo jina, na mbele ya nani.

Mume wangu hakuwa na neno na Hadija kama jina. Tatizo lake lilikuwa ukwe. Kwa Waganda mwanamume na mama mkwe wake hawagusani wala hawakaribiani. Akimwona mama anakuja kwenye njia nyembamba, yeye ndiye anayeingia kwenye majani apite huko. Akaniambia, "Mtoto akimwaga uji nimpigie kelele, 'We Hadija!', na mama amekaa hapo barazani anasuka tabaga?" (Tabaga ni kawa letu la kusuka.) Nilicheka, halafu nikaona hacheki. Hata kwetu mtoto mwenye jina la haboba (bibi) yake mara nyingi haitwi hilo jina. Anaitwa Mama, au Haboba, basi. Kwa hiyo unaweza kugombana wiki nzima juu ya jina ambalo hakuna atakayelitamka.

Mimi nami nilikuwa na langu. Mtoto wa Muganda ni wa ukoo wa baba yake, na jina la ukoo linatoka huko huko, mimi siulizwi. (Angekuwa pacha wa kike ndiyo kabisa, Babirye na Nakato, mjadala umekwisha kabla haujaanza.) Nafasi inayobaki kwa upande wa mama ni hiyo moja tu, jina la dini. Nikiitoa hiyo nayo kwa mama mkwe, mimi nimezaa au nimebebea watu mzigo wao? Nilimwambia hivyo hivyo, na sijutii. Ninachojutia ni kulisema siku ya sita, kidonda bado kinauma na usingizi sina. Maneno haya yazungumzwe mimba ikiwa na miezi mitano, mnakula muhogo taratibu.

Jioni nikatoka uani nikayaita majina yote mawili kwa sauti, kama ninayemwita mtoto arudi na chumvi kutoka dukani. Jaribuni na nyie. Hadija likatoka vizuri, fupi, linafika mbali. Akaitika msichana wa jirani. Mariamu wakaitika wawili. Na kutoka jikoni mama mkwe, aliyekuja kunikanda maji ya moto, akaitika naye. Kinywa cha Kiganda hakipendi r baada ya a, kwa hiyo Maria kwake ni Maliya na Mariamu ni Malyamu. Alisikia nusu ya jina akadhani namwita.

Usiku nikahesabu. Mama yangu ana wajina watatu tayari: binti wa kaka yangu, binti wa dada yangu, na mmoja yuko Arua kwa binamu. Mama mkwe, huyu anayetupikia pilau la Idi halafu anakaa pembeni na rozari yake dua ikisomwa, hana hata mmoja. Wajukuu zake wote wana majina ya Kiislamu, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba jina lake limo humo humo ndani ya dini yetu. Nilimwamsha mume wangu saa nane nikamwambia Mariamu. Akasema sawa, akalala tena kama gogo.

Likishapatikana jina, kaa macho na herufi. Mama yangu ni Hadija kwenye daftari la benki moja na Khadijah kwenye kitambulisho, na kwa ajili ya herufi mbili tu alitumwa kwa wakili kuapa kwamba yeye ni yeye. Mariamu si afadhali: kuna Mariam, Maryam, Malyamu, Miriam. Hospitali tulipozalia walituambia turudi na jina wakamilishe karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, ile inayopelekwa NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, kwa cheti. Muuguzi akaandika Miriam, kalamu ikiwa bado mkononi nikamwomba abadilishe. Mwandikie mwenyewe jina kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, umpe anakili. Tahajia hiyo hiyo ndiyo itakayokwenda shuleni, kwenye mtihani wa darasa la saba, na kwenye laini ya simu. Na jina hilo utalibeba wewe pia: tangu siku ya akika, mtaa mzima unaniita Mama Mariamu.

Mama yangu alipoambiwa alisema "Mashallah" mara moja tu, akaendelea kusuka. Niliogopa ile moja. Lakini juzi nilikuwa naanika nepi, nikamsikia barazani peke yake na mtoto mapajani, anamwita polepole, "Hadija. We Hadija." Mtoto ana miezi minne. Akageuza kichwa akamtazama.